Modemu Mpya, Mkomani

Ya zamani ilikufa Jumanne usiku, bila kelele.
Mvua ilipenya kwenye boriti,
tone baada ya tone, yakaishukia mgongoni,
na mama alipoikuta imelowa, imenyamaza,
akasema: Kufa maji ni kufa shahidi.
Tukaiweka kando, kwa heshima.

Mpya ililetwa na punda kutoka gatini,
baina ya mfuko wa saruji na trei za mayai.
Nikaipachika kwenye kidaka kile kile,
palipokuwa na bakuli la kichina la bibi
kabla halijauzwa.
Nikachomeka waya. Taa ya kwanza kijani,
ya pili kijani,
ya tatu nyekundu. Ikabaki nyekundu.

Mama akaisogelea na miwani yake.
"Ito lake lina nini?"

Nikapiga simu. Bonyeza moja. Bonyeza nne.
Muziki, ule ule, mpaka chai ikaota ngozi.
Kisha kijana wa Nairobi, Mutinda jina lake,
sauti ya mtu aliyechoka kabla ya adhuhuri:
Umezima? Nimezima.
Umewasha? Nimewasha.
Zima tena, uhesabu hadi thelathini.
Nikahesabu kwa sauti; kwenye ishirini na mbili
adhana ikaingia, nikapoteza hesabu,
nikaanza upya.

"Nisomee nambari iliyo tumboni mwake."
Nikaipindua, nikamulika kwa tochi,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
F ya Faza, D ya daka, nne, sifuri, A ya Amu.
"Faza ni nini?"
"Ni mji."
"Sawa. Endelea."
Kumbe mitambo yao huko bado ilikuwa ikimngoja marehemu,
na huyu mgeni abisha mlangoni tangu asubuhi
hajaandikwa daftarini.
Mutinda akamwandika.
Taa ya tatu ikafikiri kidogo, ikawa kijani.

Lakini simu zetu zikagoma.
Ya mama ilizunguka tu, ikitafuta jina la kale,
mfano wa paka aliyerudi nyumba iliyohamwa.
"Mpe huyu mpya jina la yule," akasema Mutinda,
"na nywila ya yule. Simu hazitajua kitu."
Jina nalijua: Baituli-Lali.
Lali ni kaka yangu, alilitia mwenyewe
wiki aliyoondoka kwenda Muskati.
Nywila je? Miaka sita hakuna aliyeiandika.
Tumuulize Lali. Lali hupatikana kwa mtandao.
Tukatazamana.

Ng'ambo ya kichochoro,
pembamba hata mkasi huazimana kwa mkono dirishani,
cherehani ya Shebwana ikasimama.
"Mkatewamofa," ikaja sauti,
"herufi ndogo, usiache nafasi.
Halafu arubaini na moja."

Kimya.
Mama akaniangalia. Mimi nikaliangalia dirisha.
Cherehani ikaanza tena, mbio kuliko mwanzo.

Nikaandika. Simu ya mama ikalia, kisha yangu,
kisha kibao cha watoto kilichosahauliwa chini ya mto.
Halafu, kupitia ukuta wa mawe wa dhiraa nzima
ambao fundi aliapa mawimbi hayaupiti:
ting, kwa Shebwana.
Ting, jikoni kwa Bi Thureya.
Ting, ting, ting, barazani,
ambako vijana watatu tangu jana
walijifanya wanamsubiri mtu.

"Naona vifaa kumi na vinne," akasema Mutinda.
"Nyumba yenu ni kubwa?"

Nilikuwa bado nakohoa.
"Ni kubwa," akajibu mama.

Baada ya Isha uso wa Lali ukatokea, kwanza vipande, kisha mzima.
Akauliza kama modemu yake yafanya kazi bado.
Bado, akaambiwa.
Na mtoto wa Shebwana akapiga hodi, ameleta pazia
tulilolidai tangu Shaabani,
limepindwa pande zote nne,
na pesa hakupokea.